Alfajiri ya Ini

Ivalo, Desemba. Jua limeaga juzi;
kalenda inasema tuliulizie tena Januari.
Saa sita mchana ni samawati ya moshi,
saa sita usiku ni ileile, imekolea tu.
Mimi dereva wa lori la kusukuma theluji
nimezoea kukesha. Nilidhani naujua usiku.

Hilppa ana miaka kumi na mmoja
na pampu kiunoni, mfano wa kipande cha sabuni,
inayomdondoshea insulini ale asile,
acheze, alale,
tone ambalo jicho halilioni.
Haba na haba hujaza kibaba, wanasema.
Hapa tunaomba kibaba kisijae,
wala kisipungue.

Jumanne tulianza. Chakula cha jioni mapema,
samaki na kabichi, kisha mdomo ukafungwa.
Saa nne: sita nukta moja.
Saa sita: tano nukta tisa.
Nikatabasamu gizani kama mjinga.
Saa nane: sita nukta nane.
Saa kumi: tisa na nusu.
Na saa kumi na mbili, mwenyewe bado anakoroma,
kumi na mbili nukta saba.

Hakula. Hata keki hakuiota, aliniapia.
Basi sukari hii imetoka wapi?

"Ini," alisema Tellervo, muuguzi wa Rovaniemi,
kwenye simu, akitafuna kitu.
"Ini huamka kabla ya mwenyewe.
Linawasha tanuri, linamwandalia mtoto asubuhi
ambayo hajaiagiza."
Asubuhi gani, nikauliza, huku kwetu haipo.
"Ya ndani ipo. Haingoji jua."

Nikaikasirikia alfajiri hiyo.
Saa kumi, palepale ilipopanda, nikaongeza,
nikaongeza kwa ghadhabu, si kwa hesabu.
Insulini haijui mbio za hasira:
ilifika imechelewa, saa tatu asubuhi,
darasani,
tatu nukta moja, penseli ikimtetemeka mkononi,
mwalimu Sirkku akimnywesha juisi.
Jioni Hilppa hakuniambia neno.
Aliliweka boksi tupu la juisi mezani, mbele yangu,
akaenda kuvua soksi.

Tellervo hakunilaumu. Alisema: rudi nyuma.
Tone la saa kumi hutumwa saa nane.
Na usiongeze konzi, ongeza chembe,
sehemu moja ya ishirini ya yuniti kwa saa.
Kisha ngoja. Mkesha mmoja ni uvumi;
mikesha mitatu ni ushahidi.

Ajabu, nilikuwa nikiifanya kazi hiyo miaka yote.
Basi la shule hupita saa moja;
mimi na lori langu hutoka saa tisa.
Asiyejua husema, anamsafishia nani barabara?
Namsafishia asubuhi,
ipite bila kuwa na habari yangu.

Mkesha wa kwanza, nane nukta mbili.
Wa pili alishikwa na mafua, tukaufuta.
Wa tatu ukawa wa pili,
na wa nne nikamchoma kidole kwa uhakika,
maana kitambuzi cha mkononi alikuwa amekilalia
nacho kikadanganya.
"Mimi ni mtoto au kipimajoto?"
aliuliza, macho hayajafunguka.
Nilikosa jibu. Nikamfunika miguu.

Januari jua lilichungulia dakika chache,
likaona, likarudi.
Hilppa alikuwa ameongezeka sentimita mbili
na hesabu zetu zote zilikuwa zimembana
kama viatu vya mwaka jana.

Usiku mmoja niliamka, taa ya jikoni inawaka.
Amesimama peku juu ya sakafu baridi,
ameshapima, ameshaandika kwenye daftari langu
kwa mwandiko wake uliopinda kushoto.
"Mikesha mitatu, Baba. Chembe moja.
Saa nane, si saa kumi. Nibonyeze?"
Nikaisoma safu yote, juu hadi chini, mara mbili.
Bonyeza.

Pampu ililia mara moja, sauti ya panya.
Nje hapakuwa na dalili ya chochote.
Tukavuta viti,
tukaisubiri asubuhi yake.